Nati Niliyoilegeza

Siku tuliyomzika baba ardhi ilikuwa imeganda, kaburi likachimbwa kwa mashine. Tulipofika makaburini mashine ile ilikuwa imeegeshwa nyuma ya misonobari, kijana wa Kiswidi ameketi ndani yake, kofia ameishika magotini, anasubiri tumalize ili afukie. Nadhani alikuwa ameizima muda huohuo, kwa maana harufu ya dizeli ilikuwa bado haijaondoka hewani. Watu wakaimba. Mimi sikuweza. Harufu ile ilinirudisha nyuma, nikawa na miaka tisa tena, nimesimama ndani ya banda la mabati kule Jordbro tulikokaa, na baba yu hai, mikono myeusi kwa grisi, ananiambia, "Mama, nipe kle ya kumi."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Kle ndiyo spana. Kwetu Fizi ndivyo wanavyosema, na dizeli wanaiita mazutu.

Nilipogeuka kufuta pua nikamwona Baba Esperansi, aliyekuwa rafiki wa baba. Alikuwa amesimama peke yake karibu na geti, mkono wa kulia mfukoni, amezeeka. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu nilipokuwa mtoto. Wakati wa kutupa udongo alikuja wa mwisho, akachota kwa mkono wa kushoto, akarudi getini bila kumsalimia mtu. Mama yangu alimtazama kisha akatazama pembeni. Nami nikainamisha macho, kwa sababu kilichomfanya asimame kule mbali nilikifanya mimi.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kabla hatujaletwa huku Uswidi. Jordbro alifunga maboksi katika ghala, kule upande wa viwanda, na msimamizi wake, mtu mpole, alimruhusu kutumia banda moja nyuma ya ghala siku za Jumamosi. Huko ndiko alikoiweka jenereta. Jeshi la Uswidi lilikuwa likiuza vitu vyake vya zamani kwa mnada, na baba alirudi na kitu kile kikiwa juu ya trela ya kuazima, kijani kama majani ya msonobari, kizito kuliko gari, na taji tatu ndogo za ufalme wao zimepigwa kwenye kibati chake. Ilikuwa imekaa ghalani miaka mingi kuliko umri wangu, ikisubiri vita ambayo haikuja.

"Imefanya kazi saa mia mbili tu," baba alimwambia Baba Esperansi, akigonga saa ya injini kwa kucha. "Ni msichana mdogo huyu."

"Msichana aliyekaa miaka thelathini bila kutembea," akajibu Baba Esperansi. "Ngoja umsimamishe, Mwalimu. Utasikia magoti."

Baba Esperansi alikuwa Mrundi. Kambini alitengeneza malori ya maji, na watu wa pande zote mbili za ziwa walimwita fundi bila kuongeza neno. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilivunjwa kwa kitako cha bunduki huko kwao na kikaunga vibaya, hata alikuwa anashika spana kama mtu aliyeshika ndege asiyetaka kumwumiza. Lakini kazi yake haikurudiwa. Baba alikuwa na kitabu cha jeshi kilichoandikwa Kiswidi, na kamusi pembeni, akisoma kwa sauti ya darasani. Baba Esperansi akiegemeza sikio kwenye chuma. "Wewe soma," alikuwa akimwambia, "mimi nisikilize. Tutakutana mbele."

Jenereta ilikuwa ya kumpelekea shangazi yangu, dada yake baba, mkunga wa zahanati ndogo kando ya ziwa kule Fizi. Alikuwa anazalisha wanawake kwa tochi aliyoiuma menoni. Aliwahi kumwambia baba kwenye simu kwamba usiku mmoja tochi ilimponyoka akamaliza kazi kwa kupapasa. Baba alikata simu akakaa jikoni na koti lake mwilini, asilivue. Wiki chache baadaye ndipo akaanza kuulizia mambo ya mnada.

Walifanya kazi majira yote ya kupukutika majani. Walitoa mazutu ya zamani, yaliyokuwa mazito kama asali iliyoungua, wakasugua tangi. Mipira yote ilikuwa imepasuka ikabadilishwa. Walifungua nozeli za kunyunyizia mafuta moja moja wakazipanga juu ya gazeti, na hakuna aliyeruhusiwa kupiga chafya. Nilikuwa nakwenda nao kila Jumamosi kwa sababu mama alifanya usafi hospitalini siku hizo. Kazi yangu ilikuwa kujua spana ipi ni ipi.

Siku moja Baba Esperansi aliniita. "Mama wa Mwalimu, njoo nikufundishe jambo ambalo mwanao hajafika kwenye ukurasa wake." Baba akacheka. Tangi la mashine ile liko chini ya injini, na bomba jembamba linapanda kutoka tangini kwenda kwenye pampu. Akaweka kidole changu juu ya nati iliyolishika bomba.

"Bomba linalosukuma mafuta likilegea, linadondosha. Hata mjinga ataona. Hili linanyonya. Likilegea halidondoshi hata tone, linakunywa hewa. Injini itawaka, utashangilia, halafu itakufa, na wewe utazunguka siku nzima unamtafuta mchawi. Umeelewa?"

Nilielewa. Sikuwahi kuelewa kitu shuleni vizuri namna ile.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, baba alimpigia shangazi. Nilikuwa chini ya meza nikichora. Nilimsikia akisema, "Siku itakayowaka isizime, siku hiyo nakata tiketi. Nakuja nayo mwenyewe, simwachii mtu."

Ghorofa ya juu yetu alikaa rafiki yangu Aline. Baba yake alikwenda Bujumbura kwa wiki tatu kumzika mama yake, na sasa ulikuwa mwaka wa pili. Alikuwa na mke mwingine huko, na Aline alijua hata jina la mtoto. Mama yake Aline alikuwa akishuka kwetu kulia jikoni, na mama yangu, akiosha vyombo, akisema, "Wanaondoka na sanduku moja. Sanduku moja tu. Ungejuaje?"

Basi mimi nikaunganisha. Mashine ikiwaka, baba anaondoka. Baba akiondoka, harudi. Nilimwuliza mama kwa Kiswidi, maana Kiswidi ndicho nilichokuwa namjibia siku hizo, kama baba atarudi. Alikuwa amechoka, ana miguu ndani ya beseni la maji ya moto. "Kamwulize mwenyewe," akasema. Sikumwuliza. Mtoto haulizi swali ambalo ameshajijibu.

Jumamosi ya kwanza walipoiwasha ilikuwa na theluji nyembamba. Baba Esperansi alikaza kila kitu kwa mkono wake, akanawa, wakaenda ndani ya ghala kunywa chai kabla ya kupiga stata. Waliniambia nilinde vyombo. Nikachukua kle ya kumi na nne, nikaiweka kwenye nati ile, nikavuta kwa mikono miwili. Ilitii upesi kuliko nilivyodhani. Nusu duara.

Walirudi wakiwa na makombo ya mkate kwenye ndevu. Baba akaomba, akapiga stata, na jenereta ikanguruma hata theluji ikaporomoka kutoka kwenye mabati. Walikumbatiana. Mzee wa Kiswidi wa banda la jirani, aliyekuwa akitengeneza boti, akatoa kichwa mlangoni akauliza, "Går den?" Yaani, inakwenda? "Den går!" baba akapiga kelele. Kabla hajafunga mdomo ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza.

Uso wa baba ulishuka. Na mimi nilifurahi. Sitaki kusema uongo hapa. Nilifurahi hata nikaona aibu, kama mtu aliyekula cha mwenzake.

Walizunguka mpaka giza likaingia, na giza la huku huingia saa tisa. Mwishowe Baba Esperansi akagusa nati, akakuta imelegea. Akaikaza.

Jumamosi iliyofuata nikailegeza tena.

"Nani aliikaza hii?" baba akauliza.

"Mimi."

"Uliikaza kweli?"

"Mwalimu."

"Nauliza tu."

"Mtikisiko huo. Tubadilishe washa, ile pete ya nati," akasema Baba Esperansi, na akaanza kuukunja na kuukunjua mkono wake wa kulia, polepole, akiutazama.

Wakabadilisha washa. Wakabadilisha bomba lenyewe. Kila Jumamosi mzee wa boti aliuliza swali lake lilelile, mpaka Jumamosi moja akachungulia tu akarudi kwake bila kuuliza. Baba aliacha kusoma kitabu kwa sauti. Alikuwa anasimama nyuma ya rafiki yake akiitazama ile mikono ikifanya kazi. Shangazi alipopiga simu alimwambia, "Bado kidogo," na baada ya hapo akawa anamwachia mama apokee.

Nyumbani nilimwona kwa mara ya kwanza akiacha chakula. Nilifikiri: akila au asile, yupo.

Kanisa letu lilikuwa linakodi ukumbi Jakobsberg. Habari zikafika huko, kwa kuwa waumini walikuwa wamekwishaiombea mashine ile kwa majina yote ya Mungu, na mashine inayowaka ikafa haikuwa tena shauri la mafundi. Jumamosi moja asubuhi mama mwombezi akaja bandani na wanawake wanne wenye vitenge juu ya makoti ya baridi. Wakaizunguka, wakaweka mikono juu ya bati la kijani, wakaomba kwa Kiswahili na Kirundi na Kifaransa kwa pamoja mpaka madirisha yakaota ukungu. Mama mwombezi akanyamaza ghafla. Akasema, "Naona mkono. Mkono unaofungua kilichofungwa."

Nilikuwa nimevaa glavu za sufu. Nikaziweka nyuma ya mgongo. Nilidhani sasa atageuka aninyooshee kidole.

Hakugeuka. Hakuna aliyesema jina. Kwetu jina halisemwi, linaachwa litembee lenyewe. Lakini niliona macho ya wale mama, moja baada ya jingine, yakienda kwenye mkono uliopinda.

Walipoondoka, baba alibaki akifuta spana ambayo haikuwa na uchafu.

"Baba Esperansi. Kama una jambo na mimi, niambie."

"Jambo gani?"

"Sijui. Labda unaona vibaya kwamba inakwenda kwetu, haiendi kwenu."

"Mwalimu, umekula asubuhi?"

"Usinifanyie mzaha! Mara nne. Mara nne nati ileile, na hakuna mwingine anayeigusa. Mimi siigusi. Nani anaigusa?"

Nilikuwa pale. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, nimekalia dumu. Baba aliposema "nani anaigusa" macho yake yalipita juu yangu kama yanavyopita juu ya kiti.

Baba Esperansi alichukua kitambaa akajifuta kidole kimoja kimoja, mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia. Akavaa koti. Vifungo vilimchukua muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "mimi nilikaza." Akanigeukia. "Kwa heri, mama." Akatoka akaenda kwa miguu kituo cha treni, na baba hakumwita, na mimi sikumwita. Nimejitafutia sababu nyingi tangu siku ile. Sababu ni kwamba niliogopa.

Na kwa kuwa niliogopa, nikaacha. Niliamini kwamba Mungu ameuona mkono wangu na atausema Jumapili mbele ya watu wote. Jumamosi iliyofuata tulikuwa wawili tu, baba na mimi. Akatoa hewa iliyobaki kwenye bomba, akakaza ile nati mwenyewe, akapiga stata. Jenereta ikawaka, ikaendelea kuwaka. Aliifungia taa sita na hita mbili za umeme, ikazibeba bila kubadili sauti, saa nzima, saa mbili, mpaka tukala mkate wetu mbele yake.

Baba hakushangilia. Aliketi juu ya dumu, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Unaona, mama. Kumbe ni kweli."

Nimesikia maneno mengi mabaya maishani, mengine nimeambiwa mimi usoni. Sijasikia mabaya kuliko hayo. Kulegeza kwangu kulimfanya rafiki yake ashukiwe tu. Kuacha kwangu ndiko kulikomhukumu.

Kabla ya kuisafirisha tuliipaka rangi nyeupe. Mama, ambaye miezi yote hakutaka kuja kutazama kitu cha askari, alikuja na brashi mbili. Alisema kitu cha kijani kikifika kule, wenye bunduki watakichukua wakisema ni chao. Tuliipaka tabaka tatu. Baba akaondoka. Nililala na shati lake, siku ya kwanza hata ya arobaini, na siku ya arobaini na tatu akaingia mlangoni, amekonda, ana sanduku lililojaa dagaa wakavu hadi nguo zake zote zikanuka ziwa. Tiketi ya kurudi alikuwa nayo tangu mwanzo. Ilikuwa kwenye droo ya mama, chini ya vitambaa vya meza. Taa iliwaka zahanati, shangazi akatuma picha yake ameshika mtoto chini ya taa hiyo. Mimi nilikula dagaa wale nikatapika, wakasema nimezoea chakula cha Kizungu.

Watu watauliza kwa nini sikusema baadaye. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilisema nitasema nikiwa mkubwa. Nilipokuwa mkubwa niliona ni jambo la kitoto, la kumsumbulia mzee bure. Mwaka huu, baba alipolazwa, nilikaa kando ya kitanda chake siku kumi na moja. Tuliongea juu ya mpira, juu ya mguu wa mama unaomwuma, juu ya kambi. Siku ya tisa yeye mwenyewe akamtaja. "Yule Mrundi," akasema, "sijui kama bado yuko Vårby." Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamwuliza kama anataka maji.

Wiki moja baada ya mazishi nilipanda treni, kisha metro ya laini nyekundu, mpaka kituo cha Vårby gård. Baba Esperansi alinifungulia mwenyewe. Mkewe alikuwa kazini. Alinikaribisha, akanipa pole, akatafuta vikombe. Birika alilibeba kwa mkono wa kushoto. Nilijua nisiposema kabla ya chai sitasema.

"Baba Esperansi, ile nati nilikuwa naifungua mimi."

"Nati gani?" akauliza. Lakini birika alikuwa ameshaliweka chini.

Nikamwambia yote, baba yake Aline, tiketi, nusu duara. Alisikiliza akitazama meza.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Nne."

"Nne." Akafikiri. "Mimi nilihesabu tano. Basi moja ilikuwa yangu kweli." Akacheka kidogo kwa pua, na mimi kwa bahati mbaya nikacheka pia, kisha sote tukaacha. Aliweka mkono wa kulia juu ya meza kati yetu, ukiwa wazi. "Unajua, Mwalimu aliposema vile sikumkasirikia sana. Nilisema ana haki. Nilisema mkono huu umekufa, unadhani unakaza kumbe haukazi. Walikuwa wameniita kwenye karakana ya mabasi mwaka ule. Sikuenda. Nikiua watu je? Nikafagia mabasi badala yake. Miaka yote hii hata chupa ananifungulia mke wangu."

Nilisema nisamehe, na neno lilitoka dogo.

"Baba yako alijua?"

"Hapana."

"Hata hospitalini?"

"Hapana."

Nje watoto walikuwa wakigombana juu ya mpira kwa Kiswidi.

"Basi ameenda akijua ni mimi," akasema.

Baadaye akanimiminia chai. Aliniuliza lini tunaondoa matanga. Nikamwambia Jumamosi, ukumbini Jakobsberg. Kwetu siku hiyo, kabla ya chakula, mkubwa wa familia huuliza kama kuna mwenye neno juu ya marehemu, la kumdai au la kumsamehe, aliseme sasa, kwa maana baada ya hapo limefungwa.

"Nitakuja na mke wangu," akasema. "Usiseme kwa ajili yangu, mimi umeshaniambia. Sema asikie yeye anayenifungulia chupa."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Baba mdogo, mkubwa wetu sasa, aliuliza swali lile, watu watatu wakasimama wakasema mema. Kisha nikasimama mimi. Kiswahili changu si kizuri mbele ya watu, na sauti yangu ilikuwa ikiishia kwenye safu ya pili. Nilisema nilikuwa mtoto, nilisema nilifungua nati ya mashine ya shangazi mara nne nikijua ninachofanya, na kwamba Baba Esperansi aliikaza kila mara. Nilisema baba yangu alimkosea kwa sababu yangu. Mama aliinama akafunika uso kwa kitenge. Hakuna aliyesema amina. Nikataka kukaa.

Mama Esperansi akasimama. Ni mwanamke mfupi, sikuwa nimemwona tangu utoto. Hakunitazama kwa huruma wala kwa hasira.

"Sema tena," akasema. "Wale wa nyuma hawakusikia."

Nikasema tena.